Jazi Huru, Ushairi Huru na Masikio Yetu

Nilipokuwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, niliandika insha ya darasani nikidai kwamba tungo za Euphrase Kezilahabi katika *Kichomi* (1974) si mashairi. Hoja yangu ilikuwa fupi: hazina vina wala mizani, kwa hiyo ni nathari iliyokatwakatwa. Nilipata alama nzuri. Miaka kadhaa baadaye, santuri moja kuukuu ilinifanya niionee haya insha hiyo. Makala haya ni jaribio la kulipa deni.

Santuri yenyewe ni *Free Jazz* ya Ornette Coleman, iliyorekodiwa New York tarehe 21 Desemba 1960. Niliinunua, si chapa ya kwanza, katika kibanda cha Soko la Kenyatta jijini Nairobi, kwa fedha nilizokuwa nimetenga kwa ajili ya vitabu. Nilipoicheza mara ya kwanza, nilidhani spika zangu zina kasoro. Wanamuziki wanane, makundi mawili ya watu wanne wanne, kundi moja likisikika kushoto na jingine kulia, wanapiga takriban dakika 37. Hakuna piano ya kumshika msikilizaji mkono. Niliirudisha katika jalada lake nikasema: hizi ni kelele.

Msomaji mpendwa, bila shaka umelitambua neno hilo. Coleman alipoanza kupiga katika ukumbi wa Five Spot, New York, mnamo Novemba 1959, wasikilizaji na wanamuziki wenzake waligawanyika. Wapo waliomwona mwanzilishi. Wapo waliomwona mtu asiyejua kupiga ala. Ndivyo tulivyogawanyika sisi kuhusu ushairi huru. Wanamapokeo, wakiegemea arudhi za aina ile aliyoieleza Kaluta Amri Abedi katika *Sheria za Kutunga Mashairi* (1954), walishikilia kwamba pasipo na vina na mizani hapana shairi. Wanamabadiliko nao wakajibu kwamba shairi ni zaidi ya hesabu ya silabi. Mjadala huo tumeurithi, na yamkini tumeurithi bila kusikiliza.

Niliirudia santuri ile kwa sababu moja tu: ilinigharimu. Nilipoisikiliza mara ya tano au ya sita, nikaanza kusikia mpango. Kabla ya mpigaji mmoja kuongoza, hutangulia kifungu kifupi kinachopigwa na wapulizaji kwa pamoja. Kisha kiongozi hujitokeza, na wenzake humwitikia, humchokoza, wakati mwingine humkatiza. Je, huo si mtindo wa kuongoza na kuitikia tunaoufundishwa katika somo la fasihi simulizi? Coleman hakuifuta sheria. Aliihamisha kutoka katika mpango uliokwisha kuwekwa, akaiweka katika kusikilizana. Nilipoirudia *Kichomi* kwa sikio hilo, niliona kwamba vina vimeondoka, lakini taswira huitikiana, na kimya cha mwisho wa mshororo kina kazi yake.

Simaanishi kwamba kila kilicho huru ni kizuri. Zipo santuri za jazi huru nilizozisikiliza mara kumi na bado naziona kelele, kama zilivyopo tungo huru zilizoandikwa na watu wasioweza kutunga hata tarbia moja. Ninachokipinga ni hukumu inayoutangulia usikivu, kama ile hukumu yangu ya mwaka wa pili.

Fauka ya hayo, sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sababu nyingine ya kuzijali santuri hizi: lugha yetu imo ndani yake. Katika *Uhuru Afrika* ya Randy Weston, iliyorekodiwa mwaka wa 1960, Tuntemeke Sanga wa Tanganyika anasikika akighani kwa Kiswahili. Hiyo si jazi huru kwa maana kamili, lakini ilitangulia njia. Muongo mmoja baadaye, Herbie Hancock aliitwa Mwandishi, na jina hilo likawa jina la santuri yake ya mwaka wa 1971. Wenzake walikuwa Mchezaji, Jabali, Mwile, Mganga na Pepo Mtoto.

Niliposoma majina hayo mbele ya wenzangu bwenini, walicheka. Nami nilicheka. Hata hivyo, kicheko si uchambuzi. Mpiga ngoma mmoja, James Mtume, alijulikana kwa jina ambalo Mswahili wa pwani hawezi kumpa mwanawe, maana masikioni mwake Mtume ni mmoja. Kwa nini Mmarekani Mweusi wa miaka ya 60 na 70 aliichagua lugha hii kulivua jina la utumwa? Aliielewa vipi? Alipotoka, alipotokea wapi? Hayo ni maswali ya isimujamii na ya fasihi, na ni nani anayestahili kuyauliza kutuzidi sisi?

Ukusanyaji ninaoutetea si ule wa kushindania chapa za kwanza kwa bei za mnada. Mwenye santuri asiyeicheza hana tofauti na mwenye mswada wa utenzi aliyeufungia sandukuni. Baadhi ya majalada ya santuri za Sun Ra, zilizotolewa na kampuni yake ya Saturn, yalipambwa kwa mkono, moja baada ya jingine, kama hati za tenzi zilivyonakiliwa Lamu na Pate. Hati nyingi za aina hiyo leo zimo katika maktaba ya SOAS, London, na mtafiti wetu huomba nauli ili akazione. Tusingoje santuri zenye Kiswahili zitufikishe huko huko.

Pendekezo langu kwa chama chetu ni dogo. Tutenge rafu moja idarani na jioni moja kila muhula. Atakayekuwa na santuri ailete. Asiye nayo alete sikio. Tusome maelezo ya jalada, tusikilize upande mmoja mzima bila kuzungumza, kisha tubishane. Atakayesema ni kelele ana haki yake, mradi awe amesikiliza hadi mwisho.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alinitibu uziwi niliokuwa nao kuhusu fasihi ya kwetu. Insha yangu ya mwaka wa pili ningali nayo. Nimeihifadhi ndani ya jalada la santuri ile.