Mgeni wa Tanga anakula cha nani?

Jiji la Tanga lina vivutio ambavyo miji mingi ya pwani ingevitamani. Mapango ya chokaa ya Amboni yako umbali wa kilomita nane hivi kutoka katikati ya jiji. Kisiwa cha Toten kiko mbele ya bandari, safari fupi kwa mashua, na magofu ya Tongoni yako kiasi cha kilomita 20 kwa barabara ya Pangani. Jioni kuna pweza, mihogo ya kuchoma na wali wa nazi kwa samaki.

Mgeni anayelala usiku mmoja akaondoka huacha fedha ya chumba na ya mlo mmoja au miwili. Anayekaa siku tatu, akaingia mapangoni leo na kwenda kisiwani kesho, hula milo minane au tisa. Tofauti hiyo ndiyo inayomhusu mkulima.

Chukua mfano wa machungwa ya Muheza. Msimu ukikolea huuzwa kwa lori, wanunuzi wengine wakitoka Kenya, na mwenye lori ndiye mwenye kauli juu ya bei. Hoteli yenye wageni 20, kila mmoja akinywa glasi moja ya juisi kwa machungwa manne, inahitaji machungwa 80 kwa siku, yaani 560 kwa wiki. Kusema kweli hayo si mengi, na hayawezi kumwokoa mwenye shamba kubwa. Anayefaidika zaidi na jiko la hoteli ni mwenye mchicha, nyanya, mayai na kuku wa kienyeji, kwa kuwa mahitaji hayo ni ya kila siku. Lakini mpishi hataki mzigo mkubwa Jumatatu na ukame hadi Ijumaa. Wakulima watano wakigawana zamu wanaweza kumtosheleza. Mmoja peke yake atashindwa.

Wafugaji wa mkoa huo wameshaonyesha njia. Kupitia ushirika wao wa TDCU waliingia kwa hisa katika kiwanda cha Tanga Fresh, na maziwa ya wenye ng'ombe wawili watatu yakapata soko mpaka Dar es Salaam.

Kwa upande wa bahari, hali ni ngumu zaidi. Uvuvi wa baruti ulibomoa matumbawe kwa miaka mingi, na matumbawe yakifa hukosekana samaki wa sahani na pia mandhari ya mgeni anayependa kuzamia. Silikanti, samaki ambaye wanasayansi walimdhania ametoweka hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, alianza kunaswa Tanga katika majarife ya kina kirefu miaka ya 2000, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Hifadhi humpunguzia mvuvi maeneo ya kutega. Asipopata kazi ya kubeba wageni kwa mashua yake, au barafu ya kumwezesha kuuza samaki wake kwa bei ya hoteli, hana sababu ya kuipenda.

Anayetaka kuuzia hoteli azingatie pia masika. Aprili na Mei mvua huwa nyingi, matembezi hupungua na oda hushuka. Ni vema kiasi cha miezi hiyo kiandikwe katika makubaliano kabla mbegu haijaingia ardhini.