Kitanda Usichokilalia

Juzi baada ya alasiri alinijia binti wa jirani yangu, mkononi ana karatasi mbili. "Shikamoo, ami. Naomba unisomee insha yangu." Nikamwitikia marahaba, nikamkaribisha barazani.

Binti huyu ana hamu ya kwenda kusoma Marekani. Huko kuna fomu moja ya maombi iliyoanzishwa mwaka 1975, ambayo leo hupokewa na vyuo zaidi ya 1,000. Fomu hiyo humtaka mwombaji aandike insha ya maneno 250 hadi 650. Hupewa maswali saba achague moja, na mojawapo humruhusu ajichagulie mada mwenyewe. Hapo ndipo vijana wetu wengi wanapokwama.

Insha yake ilisimulia njaa, kibanda cha mabati, na mto aliouvuka kila siku kwenda shule. Nilicheka, kisha nikasikitika. "Mwanangu, hapa Mji wa Kale mto uko wapi?"

Akainama. "Ami, tumeambiwa Wazungu hupenda kusoma shida zetu."

Nawalaumu wanaowafunza vijana kuuza machozi. Kwanza, ni uongo, na fomu ile humtaka mwombaji athibitishe kuwa aliyoyaandika ni ya kweli na ni kazi yake. Pili, ni hasara. Alama za mtihani zina mahali pake katika maombi. Insha ni mahali pa kumsikia mwombaji mwenyewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nilipokuwa chuoni nikisoma Kurani, kila mtoto alikuwa na ubao wake. Aliyejitia kusoma ubao wa mwenziwe, mwalimu alimgundua kwa neno la pili tu, maana ulimi ulitangatanga.

Basi nikamwuliza, "Wewe alfajiri hufanya nini?" Akanijibu kuwa humsaidia mamake kupika mahamri ya kuuza. Sukari ilipopanda, mama alitaka kuongeza bei. Yeye akapiga hesabu daftarini, akashauri wapunguze ukubwa wa hamri. Siku ya tatu wateja wakaanza kuhama. Mama hakumgombeza. Alimpa kikapu, akamtuma nyumba kwa nyumba akaombe radhi.

"Na wateja walisema nini?"

"Bibi mmoja aliniambia angelipa zaidi, lau tungemwambia. Kilichomuudhi ni kufichwa."

Nikamrudishia karatasi zake. "Hiyo ndiyo mada yako. Nenda kaiandike."

Vijana, msitafute jambo kubwa. Tafuteni lile mlilolitenda kwa mikono yenu, likawabadilisha fikira. Ukimaliza, futa jina lako juu ya karatasi, uliandike la mwenzio. Ikiwa insha bado inamkaa vizuri, hujaandika chochote, anza upya. Nanyi walimu na wazazi, sahihisheni herufi na nukta, lakini msiwaondolee watoto sauti zao.

Kukubaliwa au kukataliwa ni majaaliwa. Lakini anayekataliwa kwa maneno yake mwenyewe hurudi nyumbani na heshima yake.