Mbuta wa Sahani Moja

Jumamosi ya kwanza ya Septemba nilimrudisha mbuta majini, na mwenye mtumbwi akaninunia hadi nchi kavu.

Tulitoka ufuo wa Dunga kabla jua halijachomoza, tukapita kando ya mafunjo, tukateremsha jiwe la nanga. Mimi ni mwalimu. Siku tano nashika chaki, ya sita nashika mshipi. Fimbo zile za madukani sina. Nina uzi wa nailoni niliouzungusha kwenye chupa ya soda, ndoano, na kopo la fulu, samaki wadogo, walio hai. Fulu unamchoma mgongoni, juujuu, usiguse uti, aendelee kuogelea. Zile pepo za Juni hadi Agosti zikishapungua, asubuhi Ghuba ya Winam, kona yetu ya Ziwa Victoria, hulala kama uji uliopoa, na mshipi unausikia hadi kwenye kucha.

Aliuma mara moja, kwa nguvu, kama ndama anayekupokonya kamba. Nikamvuta, nikamlaza kwenye kasia nililochora alama mbili kwa msumari: sentimita 50 na 85. Alikoma vidole vitano kabla ya alama ya kwanza.

"Jaduong', huyu bado mtoto," nikamwambia mwenye mtumbwi.

"Mtoto wa nani, mwalimu? Wangu wanangoja kula."

Nikamwachilia.

Alama zile si zangu. Nchi tatu zenye ziwa hili zilikubaliana mbuta avuliwe akiwa kati ya vipimo hivyo: wa chini yake kwa kawaida hajataga, wa juu yake ni mama mwenye mayai kwa mamilioni. Tatizo ni kwamba wavu wa macho madogo haupimi. Ukivutwa, wengi waliomo wameshakufa, na kumrudisha maiti ni kulisha ndege tu. Mwenye ndoano angalau anaweza kusamehe. Lakini siwezi kumwambia mtu alishe mji kwa chupa ya soda.

Najua pia kwamba mbuta mwenyewe ni mgeni. Alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawala fulu hata baadhi ya aina zao zikatoweka. Kumtetea ni sawa na kumtetea mkwe mlafi. Ila mkwe huyu ndiye anayelipa karo za wanafunzi wangu.

Wiki hiyohiyo, ufuoni mahali ambapo sitapataja, nilikuta beseni limejaa mbuta wa urefu wa kiganja, mchana kweupe. Nikamuuliza mama aliyekuwa akiwauza kama hajui ni makosa.

"Najua. Mteja wangu ana mia mbili, mwalimu. Nimuuzie nini?"

Nilikosa la kumjibu, na hadi leo sina. Mbuta mkubwa huchukuliwa na viwanda, minofu ikapanda ndege kwenda ng'ambo, sisi tukabakiziwa mgongo wazi: kichwa, mifupa na nyama ya kubandua kwa ukucha. Mwenye mia mbili ana haki ya kula samaki mwenye nyama. Ndiyo maana sifurahii nikiona nyavu za macho madogo zikichomwa ufuoni mbele ya kamera. Moto ule humfikia mvuvi, hauvuki barabara hadi mezani kwetu.

Maana sisi wenye mishahara hatuna udhuru wa yule mama. Jumapili tunakaa hotelini, tunaagiza "samaki mzima", tunapiga picha, tunaomba ugali wa kuongeza. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo miaka mingi, nikala watoto niliokuwa nikiwarudisha ziwani Jumamosi. Mhudumu hajawahi kuniambia ni samaki gani, wala sikuwahi kumuuliza.

Siku hizi nauliza. Mbuta anayeenea mzima kwenye sahani, kichwa hadi mkia, hajawahi kutaga. Ukiletewa, mrudishe jikoni, uagize ngege.