Ukipunguza ugali, na sindano ipimwe upya

Nauza mchele hapa Kahama, huu mwaka wa 19. Nikitafuna punje mbili nakwambia kama ni wa msimu huu au wa mwaka jana. Lakini tangu nianze kuchoma insulini asubuhi na jioni, wali nauona kwenye magunia zaidi ya kwenye sahani yangu.

Kupunguza wanga nakuunga mkono kwa moyo wote. Hakuna chakula kinachopandisha sukari kama wanga, na sisi tunaula kutwa: matobolwa ya viazi vitamu na chai asubuhi, ugali mchana, wali usiku, katikati michembe ya viazi hivyohivyo ya kutafuna. Wengine wamehamia ugali wa mtama wakidhani wamepona. Mtama nao ni wanga. Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo aliyeiongoza Muhimbili na sasa yuko WHO Kanda ya Afrika, ameisema sana sahani yetu hii, na nchi nzima ikamsikia. Nami nikahamia mlenda, mgagani, mayai na dagaa.

Sindano sikuigusa.

Ilikuwa siku ya kupokea mzigo. Asubuhi nilichoma kipimo kilekile nilichoandikiwa nilipokuwa mla ugali. Mchana nikala dagaa na mlenda, basi. Saa tisa jasho likanitoka, mikono ikatetemeka, nikahesabu magunia yaleyale mara tatu na kila mara nikapata idadi nyingine. Binti wa mdogo wangu akanishika bega: "Mama mkubwa, mbona unayoongea hayaeleweki?" Akanipima. 2.4. Chini ya 4 tayari ni hatari. Akakoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, nikanywa, tukakaa robo saa, akapima tena.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Insulini ya mchanganyiko, ninayotumia mimi, ni dawa mbili kwenye chupa moja. Ya kwanza huanza kazi ndani ya nusu saa. Ya pili huamka taratibu, na nguvu zake huja mchana, saa ambayo aliyepanga kipimo alitarajia niwe nimekula ugali. Ugali usipokuja, dawa haingoji. Inaishusha sukari hiyohiyo kidogo iliyomo kwenye damu.

Kliniki niliyokuwa nikihudhuria, tuliambiwa wote kwenye benchi, "Punguzeni ugali," kisha kila mmoja akachukua dawa kwa kipimo chake cha zamani. Hapo ndipo ninapolalamika. Anayechoma insulini akiambiwa apunguze wanga, aambiwe siku hiyohiyo sindano yake itakuwa yuniti ngapi, na awe na vijiti vya kupimia nyumbani. Vijiti hivyo ni ghali, wengi tunapima siku ya kliniki tu, na kipimo cha siku moja hakisemi kilichotokea siku nyingine zote.

Kijana wa kaka yangu naye anachoma, na anachimba dhahabu Kakola. Mimi yalinikuta kwenye magunia ya mchele. Yeye sukari ikishuka akiwa shimoni, ndani ya duara, nani atamkorogea?

Kuna na wanaopita mtaani wakisema ukiacha wanga kabisa, tupa sindano. Hawa wananitisha kuliko wote. Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza mwili wake hautengenezi insulini. Kabla ya Januari 1922, ambapo Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alichomwa insulini kule Toronto, madaktari waliwanyima watoto kama yeye chakula hadi wakabaki mifupa, na bado walikufa. Chakula peke yake kilishajaribiwa. Kilishindwa.

Daktari wangu wa sasa alinipunguzia kipimo mara mbili, kila mara akisoma daftari langu: nimekula nini, nimechoma ngapi, mashine imesema nini. Jumanne narudi kwake. Kijana wa Kakola nimemwambia apande gari la alfajiri, aje na daftari lake, tuingie wote.