Makato yasiyofika SHA huwaponza wafanyakazi Pumwani

Tangu Oktoba 2024, mwajiri hukata asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Asipoziwasilisha pesa hizo kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, huenda mfanyakazi akagundua akiwa tayari hospitalini, pengine mkewe akijifungua katika hospitali ya Pumwani.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi wa mwezi hati inayoonyesha makato yote, na inaharamisha kukata bila kuwasilisha. Hata hivyo, hati huthibitisha kwamba pesa zilikatwa, si kwamba zilifika.

Wakaguzi wa leba wafike Pumwani na Gikomba. Anayehofia kibarua chake kuota nyasi hawezi kumshtaki bosi wake.