Barua ya mistari miwili inatosha

Wiki hii mama mmoja aliyekimbia vita, anayeishi hapa Goma, alirudishiwa barua yake. Alikuwa ameandika: "Robineti yetu imekauka, leo siku ya nne. Watoto wanakunywa maji ya ziwa." Akaambiwa ni fupi mno, malalamiko lazima yajaze ukurasa mzima.

Akamtafuta mwanafunzi amsaidie. Kijana akaweka salamu kwa wakubwa wote, shukrani, heshima, na "kama mnavyojua vizuri". Ukurasa ukajaa. Habari ya maji ikaangukia huko chini, na zile siku nne zikapotea kabisa.

Mimi sikubaliani na sheria hiyo. Maji ya Ziwa Kivu yasiyotiwa dawa yanaweza kuleta kipindupindu. Mwaka 1994 ugonjwa huo uliua maelfu ya wakimbizi hapa hapa Goma, kwa wiki chache tu. Anayepokea barua anahitaji kujua ni wapi, tangu lini, na familia ngapi. Ni kweli, hesabu ya familia mama aliisahau. Basi angeulizwa palepale, badala ya kutumwa akatafute maneno.

Jana nilipita kwake. Ni siku ya sita, na robineti bado ni kavu.