Tuwaandike Majina Motari wa Polisi Waliofia Barabarani

Leo nawasemea watu ambao wengi wetu, tukisema kweli, hatuwapendi: askari polisi waendeshao pikipiki, wale motari wanaotupigia king'ora mgongoni na kutufukuza pembeni ya barabara ili mkubwa apite. Hawa nao hufa kazini. Akifa mmoja wao, watu hukaa kilio siku chache, mchango hupitishwa, hotuba hutolewa, na baada ya hapo jina la marehemu hubaki nyumbani kwa mjane na watoto wake. Nasema jambo hili latakiwa kurekebishwa, na mkoa wetu wa Haut-Katanga hauna udhuru wa kushindwa.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe, maana wengi huiona ni fahari tupu ya miwani nyeusi na buti zinazong'aa. Msafara unapotoka uwanja wa ndege wa Luano, hapa Lubumbashi, motari hutangulia mpaka njia panda, husimamisha pikipiki katikati, huinua mkono na kuzuia magari ya pande zote. Msafara hupita. Sasa njia panda ya mbele haina mtu, naye yuko nyuma ya gari la mwisho. Inambidi aufukuze msafara ule ule aliouachia njia, ambao hauendi polepole, aupite gari moja baada ya jingine akiwa upande wa wanaokuja, ili afike mbele kabla ya gari la kwanza. Kisha arudie tena, na tena, hadi mwisho wa safari. Hatari kubwa iko hapo, katika kule kuupita msafara, wala si pale anaposimama akipiga filimbi.

Na barabara zetu twazijua. Hapa Kongo twaendesha upande wa kulia, lakini magari mengi ya Lubumbashi yana usukani kulia, kwa sababu yametoka Japani na kuingia kwa njia ya Zambia. Dereva wa gari la namna hiyo akiwa nyuma ya lori haoni mbele. Hana budi kutoa nusu ya gari ndipo atazame. Anayekuja kwa pikipiki wakati huo hana pa kukimbilia. Ongezeni malori ya migodi. Kinsevere iko kilomita 30 hivi kaskazini ya mji, mgodi wa shaba ulio mikononi mwa kampuni ya MMG tangu 2012, na si huko peke yake malori yatokako. Shaba ya Likasi na Kolwezi nayo hupita kuelekea Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia, na asidi na mafuta hupanda kutoka mpakani. Mwezi wa Agosti vumbi la lori moja hufunika pikipiki iliyo nyuma yake mpaka taa isionekane. Mvua zikianza, mashimo hujaa maji, na aliye juu ya magurudumu mawili hawezi kujua kina chake.

Msomaji atanikatiza hapa. Ataniambia: "Wee ndugu, hao unaowalilia ndio wanaotudai matabishi, yaani hongo, asubuhi na jioni. Jana walimnyang'anya manseba, dereva wa teksi ya pikipiki, ufunguo wake mpaka alipotoa kitu. Tuwakumbuke kwa lipi?" Swali hilo ni la haki, wala sitalikwepa. Najua uchungu wa kusimamishwa bila kosa. Lakini nijibu hivi: askari anayelipwa kidogo, na kulipwa kwa kuchelewa, naye anajua kwamba akigongwa leo mkewe atazunguka maofisini na bahasha ya karatasi hadi achoke, mtu huyo atajitafutia akiba yake barabarani, mifukoni mwetu. Simtetei, naeleza chanzo. Mkitaka askari mwadilifu, mwonyesheni kwamba nchi itamshika mkono hata akiwa amelala kaburini. Tena jina likiandikwa hadharani, huwa kipimo kwa walio hai, kwa kuwa raia ataweza kumwambia motari mwenye tamaa: mwenzako yule alikufa akituvusha, na wewe je?

Kuna kosa jingine katika fikra zetu. Askari akiuawa kwa risasi, habari husambaa. Tarehe 23 Machi 2013, waasi wa Bakata Katanga walipoingia Lubumbashi, mji mzima ulisimama. Vivyo hivyo tarehe 14 Februari 2021, wenye silaha waliposhambulia kambi za Kimbembe na Kibati hapa mjini. Kwa jirani zetu wa Tanzania, polisi wanane waliouawa Kibiti tarehe 13 Aprili 2017 walililiwa nchi nzima, na ilistahili. Lakini motari akigongwa na lori huku akifungua njia, twasema ni ajali, na neno hilo hufunga mdomo wa kila mtu. Ajali ya nani? Yeye hakuwa akienda sokoni. Alitumwa mahali pale, saa ile, kwa mwendo ule, na mtu mwenye cheo. Aliyefia chini ya gurudumu kazini na aliyefia mbele ya bunduki walikula kiapo kimoja.

Wamarekani, ambao wana makosa yao mengi, hapa wametutangulia. Novemba 2006, motari Steve Favela wa Honolulu aliumia katika msafara wa rais Bush, akafa. Februari 2008, huko Dallas, Victor Lozada-Tirado alianguka akisindikiza msafara wa Hillary Clinton. Septemba 2012, huko Florida, Bruce St. Laurent aligongwa na gari akijiandaa kuifunga barabara ili Obama apite. Hakuna risasi hata moja iliyolia katika vifo hivyo vitatu. Wamarekani wana ukuta wa mawe mjini Washington, uliofunguliwa 1991, wenye majina zaidi ya 20,000 ya askari waliofia kazini, na humo aliyekufa kwa pikipiki huandikwa sawa na aliyepigwa risasi. Matokeo yake, mtu wa Katanga kama mimi aweza kuwataja motari watatu wa nchi ya mbali. Nawauliza wasomaji wangu wa komuni zetu za Kenya, Katuba, Kampemba na Ruashi: nani kati yenu aweza kunitajia watatu wa kwetu?

Na asiseme mtu kwamba mambo haya ni ya matajiri. Hapa hapa Kongo, hifadhi ya Virunga imepoteza walinzi zaidi ya 200 katika historia yake. Siku moja tu, tarehe 24 Aprili 2020, walinzi 12 waliuawa karibu na Rumangabo, makao makuu ya hifadhi. Hifadhi hiyo ina mfuko wa kuwasaidia wajane na yatima wa walinzi waliouawa, na Rumangabo wajane wamepewa vyerehani na kazi ya kushona. Wapo katikati ya vita, ndugu zangu, na wameweza. Sisi tunaokaa juu ya shaba tunangoja nini?

Shaba ndiyo nitakayoiomba. Mamia ya miaka kabla ya Mbelgiji kukanyaga hapa, watu wa Sanga, kando ya ziwa Kisale, waliwazika wafu wao na misalaba ya shaba; wachimbuzi wa mambo ya kale waliianza kazi ya kufukua makaburi hayo 1957 na kuikuta misalaba imelala pamoja na mifupa. Shaba ilikuwa fedha yao, nao waliona si hasara kumwachia marehemu. Leo Kinsevere peke yake ina mitambo iliyojengwa awali kutoa tani 60,000 za vibao vya shaba safi kwa mwaka, na vibao hivyo vyote vyavuka mpaka. Naomba kibao kimoja kibaki. Kichongwe majina ya motari na askari wa rulaje, yaani polisi wa barabarani, waliofia kazini, na mwaka wa kila mmoja, kisha kitundikwe mjini mahali ambapo mtu apitaye kwa miguu atasoma bila kuomba ruhusa kwa mlinzi. Kampuni isijipatie sifa kwa hilo wala kubandika alama yake. Shaba ilitoka chini ya miguu yetu.

Enyi wakubwa mnaosindikizwa, nanyi nina neno kwenu, ingawa najua si kawaida yenu kusoma makala kama haya. Kabla hamjamwambia dereva akanyage mafuta, ulizeni kama kikao hicho hakiwezi kungoja dakika ishirini. Mara nyingi chaweza. Ulizeni pia motari wenu wamevaa nini kichwani. Watafiti waliojumlisha uchunguzi wa nchi nyingi wameona kwamba kofia ngumu hupunguza vifo vya waendeshaji wanaopata ajali kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Lakini nimeiona kofia ya polisi iliyofungwa kwa kamba ya kiatu mahali pa mkanda, na kioo chake kimekwaruzwa hata kimekuwa cheupe. Hiyo haimkingi mtu. Fedha za kununua kofia moja nzuri hazifikii bei ya matairi ya gari moja la msafara.

Nanyi madereva wenzangu, manseba mkiwemo: king'ora kikilia, tazameni mara mbili. Likipita gari la mwisho la msafara msikimbilie kuingia barabarani, kwa kuwa motari mmoja angali nyuma, anakuja kwa kasi.

Kuhusu orodha ya majina, kazi ianze sasa wala isingoje amri ya Kinshasa. Kikosi kina daftari zake, parokia na misikiti zina kumbukumbu za mazishi, wakubwa wa mitaa wanazijua nyumba za wajane. Ianze na 2015, mwaka Katanga ilipogawanywa na Haut-Katanga kuzaliwa, kisha irudi nyuma hadi siku za Gendarmerie iliyotangulia polisi wa leo, maana wazee waliopanda pikipiki zama zile wangali wako Kamalondo na Kenya, na baadhi yao wanakumbuka aliyeanguka, barabara gani, na alikuwa akimfungulia nani njia.